Korneli Alikuwa na Jibu Langu

Asubuhi ile mume wangu Lali alikuwa amekasirika kwa sababu ya pamba. Alikuwa akiziba nyufa za mashua ya watu wa kisiwa cha Ngumi, na pamba ya kalafati aliyoletewa kutoka Kismayo ilikuwa chafu na fupi, imechomolewa kwenye godoro la mgonjwa, alisema. Lali alikuwa fundi wa mashua, mtu wa maneno machache, ila ukimletea vifaa vibovu ulimi ulimfunguka. Nilimpelekea chai na mkate wa mofa bandani. Akaonja, akauliza tangawizi iko wapi. Nikamwambia iko Kismayo pamoja na ile pamba nzuri. Akacheka, akanirudishia kikombe, akaenda kuoga maana ilikuwa Ijumaa.

Kisiwa chetu ni Chovai, kusini ya Kismayo. Bara lipo pale tu, ukisimama ufukweni unaona hata moshi wa wachoma makaa. Kati yetu na bara bahari ni ya kina kifupi, na siku za bamvua, maji yanapotoka sana, hubaki mchanga, mawe na majani ya bahari, halafu mlango mmoja wa maji usiokauka kamwe. Wanawake tulikuwa tukienda kule chini na vijiti vyetu kutafuta pweza. Ilikuwa njia yetu ya kupata kitoweo na ya kusengenyana bila wanaume kusikia.

Serikali ilikuwa imeshaanguka. Kismayo ilikuwa ikichukuliwa na huyu, ikinyang'anywa na yule, na sisi wa visiwani tulikuwa mali ya yeyote aliyeshinda. Aliyedumu kuliko wote alikuwa mtu mmoja aliyekuwa ofisa wa jeshi la zamani. Jina lake alikuwa nalo, lakini sisi tulimwita Korneli, na yeye alipenda hivyo. Alisema kamba wote wa visiwani ni wake, injini zote ni zake, na anayevua anavua kwa ruhusa yake. Wanaume wetu walivua kwa mashua zao wenyewe wakampelekea samaki, kisha wakashukuru kwa vichwa walivyoachiwa. Hatukuwa na ukoo wenye bunduki. Katika nchi ile, mtu asiye na ukoo wenye bunduki alikuwa kama kuku wa mgeni, yeyote huamua lini achinjwe.

Ijumaa ile watu wake walikuja wakati wa sala. Kuna mtu alikuwa amewaambia kwamba injini moja imefichwa Chovai. Walizingira msikiti wakaamuru safu ya mbele yote itoke.

Lali alikuwa safu ya mbele.

Aliwaomba amalizie rakaa za sunna. Tulikuwa tumejibanza nyuma ya ukuta, wanawake, tukasikia ombi lile na tukasikia mmoja wao akijibu kwa Kisomali, haya, maliza. Tukamsikia akitoa salamu kulia na kushoto.

Kisha wakawapakia wakaenda nao bara. Mashua ya watu wa Ngumi ikabaki bandani nusu imezibwa.

Sikuletewa habari. Nilikwenda Kismayo mara nyingi, nikakaa kwenye malango ya nyumba alizozikalia Korneli, nikafukuzwa kwa matusi na mara moja kwa kitako cha bunduki. Wengine walisema wafungwa wamepelekwa kufanya kazi mashambani huko Jubba. Wengine walisema walipigwa risasi siku ileile. Nilimwendea Mwalimu Bunu, aliyetusomesha sote chuo cha Kurani, nikamuuliza mimi ni nani sasa. Alikuwa mtu wa hasira za karibu, mwenye kupenda vitabu kuliko wachu, yaani watu kwa lahaja yetu, kama walivyosema wake zake. Akaniambia sheria ilivyo kwa madhehebu yetu: mume aliyepotea yu hai hadi ipatikane yakini kwamba amekufa.

"Na nisipoipata yakini?"

"Basi u mke wa mtu, mwanangu."

Kwa hiyo sikukaa eda, maana sikuwa mjane. Sikuweza kuolewa, maana nilikuwa na mume. Sikuweza kumwombea dua ya maiti, na dua ya msafiri ilinikwama kooni. Miaka ikapita hivyo. Wapo wanaodhani jambo baya kuliko yote ni kuambiwa mtu wako amekufa. Mimi niliomba niambiwe.

Kisha Korneli naye akashindwa. Jeshi jingine liliingia Kismayo kutoka upande wa kaskazini, na watu wake wakatawanyika. Yeye akakimbilia bandarini na askari mmoja, akapanda boti ya faiba yenye injini, akamwamuru nahodha amfikishe Kenya. Nahodha huyo alikuwa shemeji yangu Shebwana, mdogo wake Lali, aliyekuwa amelazimishwa kumwendeshea Korneli boti kwa muda mrefu. Shebwana hakuwahi kumwambia kwamba kaka yake ni miongoni mwa wale wa safu ya mbele. Alimeza maneno akaendesha boti.

Siku ile hakwenda Kenya. Alijua ni bamvua na maji yanatoka. Aliingiza boti kwenye maji yetu, mbele ya Chovai, akaenda polepole hadi ikakalia mchanga. Akazima injini. Maji yakaendelea kuondoka kama kawaida yao, na baada ya muda boti ilikuwa imelala ubavu mbele ya kijiji kizima, na Korneli amekaa ndani yake.

Tuliwaendea kwa miguu. Askari alitazama watu wanavyozidi, akamtazama mkubwa wake, akaitupa bunduki mchangani. Aliomba jambo moja tu, aachwe aende. Mwalimu Bunu akaamuru avushwe bara kwa mtumbwi. Bunduki akaamuru itumbukizwe kwenye mlango wa maji. Shebwana alimkatalia.

"Mwalimu, hii ndiyo bunduki pekee chuliyonayo. Yule askari atawafikia ndugu zake Korneli. Watakuja."

"Bunduki moja haitawazuia," alisema Mwalimu. "Itatosha tu kumuua huyu kabla sijamsikiliza."

Walikuwa na haki wote wawili, na jambo hilo bado linanisumbua.

Korneli alikuwa mfupi kuliko nilivyomkumbuka. Alivaa suruali ya jeshi na shati la kiraia, na miguu yake ilikuwa imevimba kwa kukaa ndani ya boti. Nilipomwona hivyo niliona furaha mbaya, nasema kweli, nikatamani kumtemea mate. Sikumtemea. Kinywa kilikuwa kikavu.

Hatukuwa na jela. Chovai haijawahi kumfunga mtu. Na hatukuwa na hakimu, isipokuwa Mwalimu Bunu, na kesi kubwa aliyowahi kuamua ilikuwa ya mbuzi aliyetafuna mkeka wa msikiti. Watu wakakusanyika bandani, wamekaa juu ya mbao na mataruma, zile mbavu za mashua, pembeni ya ile mashua ya Ngumi, na kila mmoja akatoa rai yake kwa sauti ya juu. Shebwana na vijana walitaka auawe palepale. Wazee kadhaa walitaka tumpeleke kwa wenye Kismayo wapya, tujipendekeze kwao. Bi Kauthari, jirani yangu, ambaye mwanawe alichukuliwa pamoja na Lali, alisema wanaume wamekwisha kusema na hakuna hata mmoja aliyetaja jambo la maana.

"Muulizeni wachu wechu wako wapi," alisema. "Kisha fanyeni mnavyotaka."

Wanawake wote tulisimama upande wake. Tulichotaka kilikuwa kimoja tu. Mtu huyu alikuwa na jibu, nasi tulitaka limtoke kinywani kabla kinywa hakijafungwa, kiwe kimefungwa na Shebwana au na watu wa Kismayo.

Mwalimu alimtandikia Korneli mkeka sawa na aliotandikiwa kila mtu. Vijana walinung'unika. Akawaambia mshitakiwa hahukumiwi kwa kukalishwa vumbini.

Korneli alizungumza Kisomali, sote tunakijua.

"Ni nani aliyewapa nyinyi mahakama?" aliuliza. "Mimi ni ofisa. Nitajibu mbele ya mahakama ya dola."

"Dola iko wapi?" Mwalimu akamuuliza.

Korneli akautazama mkeka. Alikuwa mmoja wa walioila.

Mwalimu akamsomea madai yetu. Kuhusu mashua na injini mashahidi walikuwa wengi hadi akachoka kuwasikiliza. Kuhusu watu wa safu ya mbele, aliuliza nani aliona wakichukuliwa. Kijiji kizima kikainua mikono. Akauliza nani aliona wakiuawa.

Hakuna aliyeinua mkono.

Nikaona uso wa Mwalimu unavyobadilika. Alitueleza, na sauti yake ilikuwa ndogo. Pasipo shahidi, mdaiwa hula yamini. Akiapa kwa Msahafu kwamba hakuwaua wala hakuamuru, dai hilo litaanguka, naye Mwalimu hatakuwa na la kufanya.

Shebwana alisimama. "Yaani aape tu? Mchu huyu? Ataapa hata kwamba yeye ni samaki."

"Keti, Shebwana."

"Mwalimu, unamfungulia mlango."

"Keti. Nikiamua kwa chuki yenu leo, kesho nitaamua kwa chuki ya nani?"

Nilimchukia Mwalimu Bunu kwa dakika ile. Nilifikiri, huyu mzee anacheza na vitabu vyake juu ya mgongo wa mume wangu. Mtu amefagia kijiji kizima, kisha anaulizwa kwa adabu kama anapenda kuapa. Sikuwa peke yangu. Bi Kauthari, pembeni yangu, alikuwa amempa Mwalimu mgongo.

Msahafu ukaletwa. Korneli akautazama. Aliombwa atie udhu, akaletewa maji, akatawadha vizuri bila kusahau kitu. Kisha akarudi mkekani, akaweka mikono mapajani.

"Siapi," alisema.



"Huapi kwamba hukuwaua?" Mwalimu akauliza.

"Siapi lolote. Mimi namwogopa Mungu."

Nilitaka kucheka, na nikalia. Mtu aliyeua asiowajua kwa sababu ya injini ya boti alikuwa na kitu kimoja duniani anachokiogopa, na kitu hicho ndicho kilichotusaidia. Mwalimu alimuuliza basi wako wapi. Korneli akasema si mahali pa kueleza kwa maneno, vichaka vya kule vinafanana. Ni mahali pa kuonyeshwa. Ni bara. Akifikishwa, ataonyesha.

Wazee wakakubaliana apelekwe. Lakini ile boti na mashua zetu za maana hazikuweza kupita mpaka maji ya bamvua yapoe kidogo na njia ionekane vizuri, na wazee walitaka kwanza kupeleka mtu bara aangalie kama kuna wenye silaha. Ilibidi tungoje. Swali likawa tumweke wapi.

Hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo nadhani ni watu wa visiwani tu wangelifanya.

Mwalimu hakumwamini mwanamume yeyote wa kijiji kukaa naye chumba kimoja. Angekutwa amekufa, na kila mtu angesema amejinyonga. Hakuna nyumba iliyokubali kumpokea. Akaamua apelekwe Jiwe la Nyuni, kijisiwa cha mawe kati yetu na bara ambako ndege hulala, akajengewe kibanda cha makuti, na wanawake tumpelekee maji na chakula. Mlinzi hakuhitajika. Alikuwa mtu wa barani, mfugaji kwa asili, hajui kuogelea, na hata ndani ya boti alikuwa akishika mbao kwa mikono miwili. Bahari ingemlinda. Sote tuliafiki, hata Shebwana. Hakuna aliyeona neno la kupinga.

Nilimpelekea maji zamu yangu ilipofika. Alikuwa amekaa kivulini ameinamisha kichwa. Niliweka mtungi, nikakaa mbali kidogo, nikamwambia mimi ni mke wa nani.

"Fundi wa mashua," nilisema. "Aliyeomba amalizie sala."

Akainua kichwa. Aliyakumbuka maneno yale. Niliona kwa macho yangu kwamba ameyakumbuka.

"Waliniambia habari yake," alisema.

"Yu hai?"

Akauvuta mtungi karibu.

"Nijibu neno moja tu. Mimi nimeolewa au ni mjane? Sikuulizi aliyeua ni nani."

Alikunywa maji, akafuta ndevu. Halafu akanijibu bila ukali wowote, nadhani alikuwa ananieleza ukweli kama anavyouona yeye.

"Mama, nikikwambia leo, kesho nyinyi mtanihitaji kwa lipi?"

Nilirudi nyumbani nikiwa na mtungi mtupu wa jana. Nilielewa kwamba amelifanya jibu langu kuwa ngao yake, na kwamba kumbe sasa mimi ndiye ninayetaka aishi kuliko mtu yeyote katika kisiwa kile. Nilimwombea afya. Ndiyo, nilimwomba Mungu amlinde Korneli asipate homa. Huo ndio udhalili alioniachia.

Siku iliyofuata wanawake walikwenda pweza. Maji yalikuwa yametoka hadi mbali, mchanga wote wazi, na walikuwa wametapakaa kutoka kwetu hadi karibu na bara, wameinama na vijiti vyao. Mimi nilibaki kwa sababu goti liliniuma. Kutoka Jiwe la Nyuni Korneli alikuwa akiwatazama. Bi Kauthari aliniambia baadaye kwamba walipita karibu naye, na alikuwa amekaa juu ya jiwe la juu kabisa, anatazama wanakokanyaga.

Wakamaliza, wakaanza kurudi. Kila mtoto wa Chovai anajua maana yake. Wanawake wakigeuka, nawe geuka, maana maji yameanza kuingia. Wala hayaingii kutoka mbele unakotazama. Huingia kwanza kwenye ule mlango karibu na bara, yakajaza nyuma na pembeni kimya kimya, na wewe bado umesimama pakavu. Hatufundishwi hilo. Hatukumbuki lini tulilijua.

Yeye alikuwa akingoja wanawake waondoke ili wasimwone.

Mimi ndiye niliyemwona kwanza. Suruali ile ya jeshi, kule chini, inakwenda bara.

Alikuwa anatembea haraka, hakimbii.

Nilipiga kelele arudi. Upepo ulikuwa unatoka kwake kuja kwangu, hakusikia. Au alisikia akadhani ni kelele za kukamatwa.

Watu wakatoka majumbani. Wanaume walisimama ufukweni mikono nyuma. Mtu mmoja akasema, mwacheni, Mungu amemhukumu.

Nikamwendea Shebwana. Nilimshika shati.

"Shemegi, Lali yumo kinywani mwa mchu yule."

Alinitazama. Taya zilimcheza.

"Mwendee kaka yako," nikamwambia. "Usimwendee yeye."

Shebwana akasukuma mtumbwi.

Korneli alikuwa amefika kwenye mlango wa maji. Alisimama. Nadhani alitegemea kuvuka kwa kukanyaga. Aligeuka kutazama nyuma, na nyuma hakukuwa tena na mchanga.

Akatembea kushoto. Akarudi. Maji yalikuwa magotini, kisha kiunoni.

Shebwana alipiga kafi kinyume cha mkondo. Nilikuwa naona mgongo wake ukipanda na kushuka. Nilikuwa nasema jina la Mungu na jina la Lali, sijui lipi zaidi.

Korneli aliinua mkono mmoja.

Kisha sikuuona.

Shebwana alizama mara kadhaa kabla hajampata. Alirudi akiwa amemlaza mtumbwini, na alipofika alikuwa analia kwa sauti, mtu mzima, huku anamtingisha maiti mabega. "Sema," alikuwa anamwambia. "Sema sasa." Ilibidi vijana wamwondoe.

Kijijini walikuwepo waliofurahi. Walisema bahari imetulipia, wakasema mwenye nguvu mpishe, mwenye kisirani mngoje, na methali nyingine za kujifariji. Mimi nilikaa chini kwenye mchanga. Bahari haihukumu mtu. Ingemchukua vilevile mtoto yeyote au mbuzi, na haikumuuliza Korneli swali hata moja. Nilijua nimekwisha. Nilijua nitazeeka nikiwa mke wa mtu aliyepotea, na kwamba duniani hakuna tena wa kumuuliza.

Mwalimu Bunu akasema maiti aoshwe. Kukawa na ugomvi. Wengi walikataa kumgusa, wakataka atupwe kwenye kina. Mwalimu akasema ni Mwislamu amekufa kwetu, na hakufa amehukumiwa, kesi yake haikwisha. Hatuwezi kumnyima sanda kwa kosa ambalo hatujalithibitisha. Hakuna aliyesogea. Mwishowe Shebwana akasema, "Mimi nimeshamgusa," akakunja mikono ya shati. Yeye na Mwalimu wakamwosha, wakamkafini, wakamswalia, wakamzika upande wa kaskazini wa makaburi yetu, wakaweka jiwe kichwani na jiwe miguuni.

Ndugu zake walikuja kabla majani hayajaota juu ya kaburi. Askari tuliyemwachia alikuwa ndiye aliyewaonyesha njia. Walikuwa wamesikia uvumi kwamba amekufa kwetu, lakini hawakuuliza kaburi, walikuwa na haraka na hasira. Waliuliza nani alimhukumu mtu wao. Mwalimu Bunu alitoka chuoni na kitabu mkononi akasema ni yeye, na kwamba hukumu haikutolewa. Alitaka kuwaeleza kwa utaratibu.

Walimpiga risasi katikati ya maelezo.

Walichoma mashua, walichoma banda. Walivunja birika la maji ya mvua, na kisiwa kisicho na maji hakikaliki. Tulikimbia na mitumbwi waliyoiacha, kusini, hadi Kenya, na kutoka huko hadi kambi ya wakimbizi, na kutoka kambini hadi hapa Mombasa, ninapoishi nasuka ukili na kupika visheti vya kuuza. Shebwana alipelekwa Ulaya na watoto wake. Hapendi kuzungumzia siku ile, na mimi simlazimishi.

Kila anapokamatwa dikteta mahali fulani, mtaa wetu hujaa mahakimu. Vijana wanasimama mbele ya televisheni ya duka la kahawa, mmoja anasema anyongwe uwanjani, mwingine anasema apelekwe Ulaya akahukumiwe na majaji wenye majoho, na mwingine anasema aachiwe wananchi kwa nusu saa tu. Wakiniona napita na sinia hunitania, "Bi Mwanashee, nyinyi mlikuwa na dikteta wenu, sema tumfanyeje." Huwaambia wamweke hai. Wampe maji, wampe daktari, wamtie mahali ambapo yeye hawezi kutoroka wala hasira zao haziwezi kumfikia, na kabla ya kumwuliza kwa nini, wamwulize wako wapi. Kila mmoja. Kwa jina. Kifo chake kisiharakishwe, kifo hakina shida, kitakuja chenyewe. Wananiona mwoga. Wanasema bibi amesamehe. Sikusamehe kitu, na sina hakika kama njia ya Mwalimu ingefika popote. Ilimuua yeye na haikunipa mimi mume wala kaburi. Lakini ya Shebwana ingeninyima hata ile siku moja niliyokuwa na tumaini.

Mwaka jana nilipigiwa simu na mwanamke mmoja, sauti ya mtu wa miaka thelathini hivi, anazungumza Kisomali cha Kismayo. Alisema anaitwa Hodan, yuko ughaibuni, ametafuta namba yangu kwa muda mrefu kwa watu wa Chovai. Aliniita edo, kama wanavyomwita shangazi. Akanitajia jina la baba yake, lile jina ambalo sisi hatukuwa tukilitumia.

Nilikaa kitandani.

Alisema mama yao ni mgonjwa, na miaka yote hakuwahi kuambiwa kwa hakika. Wengine walimwambia mumewe alizama, wengine kwamba alikimbilia Yemen akaoa. Alikataa kukaa eda bila ya yakini. Sasa anataka kujua kabla hajaondoka duniani.

"Edo, samahani," alisema. "Kama ni vigumu, usiseme. Wewe unajua baba yangu yuko wapi?"

Nilisikia anavyopumua kwenye simu, nami nilizijua pumzi zile. Nilikuwa na uwezo wa kumwambia neno lile lile baba yake aliloniambia mimi pale Jiwe la Nyuni, nalo lilikuwa limekaa tayari ulimini.

Nikamwambia yuko Chovai, upande wa kaskazini wa makaburi. Kaburi la tatu kutoka ukutani, kati ya kaburi la mama mmoja na mwanawe mchanga. Alioshwa na kuswaliwa, lina jiwe kichwani na jiwe miguuni.

Alilia sana. Aliniambia Mungu anilipe. Aliuliza ni nani aliyemwosha, nikamwambia ni Shebwana, mdogo wa mume wangu, na mwalimu wetu.

"Na mume wako, edo, yeye hajambo?"

Nikamwambia simu inakata, nikaiweka kifudifudi juu ya kitanda.